Mita Tisini

Kwenye tasnifu yangu ya uzamili, kuchelewa kuna herufi yake: D. Ukiikuta D imesimama ndani ya mlinganyo, ujue ni muda unaopita tangu pakiti ifike mbele ya foleni hadi ruta ijibu kwamba imeipokea. Ndugu zangu wa Muleba wakiniuliza nasomea nini, nawaambia nasomea kuchelewa kwa waifai, nao wanacheka, maana kwao hilo si jambo la kusomea. Unainua simu juu, unazunguka nyuma ya nyumba, unasubiri, basi. Mjomba wangu mmoja alisema kama siku hizi watu wanapewa shahada kwa kuchelewa, basi madereva wote wa Hiace za Bukoba ni maprofesa.

Alikuwa anatania, lakini sijapata mfano mzuri kuliko Hiace. Ukipanda gari stendi ya Bukoba kwenda Muleba, muda wako unaliwa sehemu tatu. Kwanza unasubiri gari lijae, na hapo hakuna mwenye hesabu, hata konda mwenyewe anayekuambia "bado wawili tu" wakati viti sita viko wazi. Pili kuna kupakia: magunia, mikungu ya ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Tatu ndiyo safari yenyewe, lami tupu, unapita Kemondo, unapita Muhutwe, unafika. Abiria akichelewa msibani hulaumu barabara. Barabara haina kosa.

Pakiti nayo ina sehemu hizo hizo tatu: kungoja zamu, kupakiwa hewani biti kwa biti, na kusafiri. Ile ya tatu kwenye waifai karibu haipo kabisa. Mawimbi ya redio hukata mita 300 kwa mikrosekunde moja, yaani kabla hujafumba jicho yameshafika Mwanza na kurudi mara kadhaa. Kinachokukera unapotazama kile kiduara kinachozunguka kwenye simu ni zile mbili za mwanzo.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni moja fupi ambayo naipenda kuliko nyingine zote nilizosoma. Idadi ya wanaosubiri ni sawa na kasi ya wanaofika, mara muda ambao kila mmoja anasubiri. Abiria 24 wakifika kwa saa, na kila mmoja akikaa nusu saa, basi kwa wastani utakuta watu 12 kwenye benchi. Kanuni haiulizi kama ni abiria, wagonjwa, au pakiti. Siku moja nilikaa stendi na daftari nikihesabu wanaofika na wanaoondoka, mpaka konda mmoja akanifuata kuniuliza kwa heshima kama mimi ni mtu wa mapato.

Sasa waifai inazungumzaje? Fikiria kikao cha ukoo, cha kugawa kibanja, watu kumi na tatu sebuleni na hakuna mwenyekiti. Kila mmoja ana la kusema. Mwenye adabu hasemi mwingine akisema. Anangoja kimya, halafu hata kimya kikipatikana haruki hapo hapo, anahesabu kidogo moyoni. Kila kifaa cha waifai hufanya hivyo. Kinachagua namba kwa bahati nasibu, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 15, kinahesabu kurudi nyuma kwa vipande vya mikrosekunde 9, na kikisikia mwingine ameanza kusema, kinasimamisha hesabu yake pale pale na kuiendeleza kimya kikirudi. Kikifika sifuri, kinasema.

Tatizo ni wawili wakifika sifuri pamoja. Sebuleni mngesikiana, mngecheka, mmoja angesema "endelea wewe". Redio haiwezi. Ikiwa inatuma, sauti yake yenyewe inaiziba masikio, haisikii kwamba mwingine anasema. Inajua tu baadaye, pale jibu la kupokelewa lisipokuja. Hapo inalazimika kuchagua upya, na safari hii kutoka namba 32, kisha 64, 128, hadi 1024. Kila ukishindwa unaambiwa ukae mbali zaidi na mlango. Mara ya kwanza nilipofundishwa hili niliona ni ukatili, ila ndilo linalozuia kikao kisigeuke soko.

Asili ya wazo hili ni visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao walioupa jina ALOHA, uliounganisha visiwa kwa redio, na kanuni yake ilikuwa rahisi mno: sema ukitaka, usipojibiwa rudia. Hesabu ilionyesha kwamba kwa mtindo huo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni asilimia 18 tu ya muda wa hewani inayotumika kwa manufaa. Kingine chote ni migongano na ukimya. Huwa nawaza kwamba Muleba nasi tuna visiwa, Bumbire, Ikuza, Goziba na vingine, na wavuvi wa huko wanajua vizuri sana maana ya kusema usijibiwe na kurudia.

Mwaka 2000 Mwitaliano Giuseppe Bianchi aliandika makala ambayo kila mtu wa fani yangu ameisoma, na wengi wetu tumeinakili bila kukiri. Aliuchukua mchezo wote huu wa kuchagua namba na kurudia, akauweka ndani ya mnyororo wa Markov, kisha akadhani jambo moja la kijasiri: kwamba uwezekano wa kugongana ni ule ule kila unapojaribu, iwe mara yako ya kwanza au ya sita. Si kweli kabisa. Lakini kwa dhana hiyo mlima mzima wa hesabu unabaki milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana, na majibu yake yanakaribia sana yale ya simulesheni. Alidhani pia kwamba kila kifaa kina kitu cha kutuma muda wote, foleni haiishi. Msimamizi wangu alinipa kazi ya kuondoa dhana hii ya pili: kutengeneza modeli ya kuchelewa kwa mtandao ambao watu wake wanakuja na kuondoka, kama watu wa kweli, halafu kuipima kwenye mtandao wa kweli.

Nilikwenda kuipima nyumbani. Nilikaa Bukoba kwa shangazi, Hamugembe, kwenye chumba cha uani ambako mvua ikianza kupiga bati husikii hata mawazo yako, na Bukoba mvua haiombwi. Kompyuta yangu ilikuwa inasaga simulesheni usiku kucha, umeme ukikatika naanza upya. Shangazi aliamini kwamba namtengenezea mtu mashine. Kila asubuhi aliniuliza, "Imekubali?" nami nilimjibu, "Bado, shangazi," naye alinisogezea kahawa.

Vipimo vyenyewe nilivichukua Muleba, kwenye shule moja ya sekondari ya bweni ambayo sitaitaja. Shule ina ruta moja, imefungwa ukutani ofisini kwa mkuu wa shule, juu ya kabati la vikombe vya michezo. Chumba cha kompyuta kiko ukuta wa pili, kina kompyuta mpakato 12. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaitumia wakati wa prepo, kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, wanne wanne kwa kila mashine, wakitazama masomo ya fizikia na kemia kwa sababu mwalimu wa masomo hayo ni mmoja na vipindi ni vingi. Malalamiko yalikuwa kwamba kuna wakati mtandao "unakufa" katikati ya prepo, nusu saa hivi, halafu unafufuka. Mkuu alidhani ni kampuni inayowauzia intaneti. Walimu walidhani ni wanafunzi. Wanafunzi walidhani ni walimu.

Niliweka kompyuta yangu kusikiliza hewa, bila kufungua ujumbe wa mtu yeyote. Kinachonihusu ni urefu wa fremu, kasi yake na saa iliyopita. Usiku wa tatu nilimwona. Kila siku, dakika chache baada ya saa mbili, kifaa cha kumi na tatu kinaingia hewani kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, wakati wengine wote wanaongea kwa 54. Kasi hiyo ni ya kifaa kilicho mbali: waifai ikisikika kwa shida hupunguza mwendo wa kusema ili ieleweke, kama unavyomfafanulia bibi jambo kwa simu mbovu, neno kwa neno. Nilitoka nje na simu mkononi nikifuata ishara ilivyokuwa inapungua, nikapita bustani ya maua, nikapita tangi la maji, hadi getini.

Alikuwa mlinzi. Mzee wa umri wa babu yangu, koti la jeshi la mtumba, tochi kwapani, simu ameishika kwa mikono miwili mbele ya uso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Subiri kidogo, naongea na mtoto."

Mtoto yuko Muscat. Anafanya kazi za ndani, ana miaka miwili huko, na anapata nafasi ya kushika simu saa tatu usiku ya Oman, ambayo ni saa mbili yetu. Mzee alipewa neno la siri la waifai na mwalimu mmoja kwa sababu ya huruma tu. Nilimuuliza kwa nini hampigii kwa sauti, sauti haihitaji mtandao wenye nguvu. Akanitazama kama vile mimi ndiye nimekuja kuomba kufundishwa.

"Sauti mtu anaweza kukaa pembeni akamwambia aseme nini," alisema. "Mimi nataka nimwone usoni."

Hesabu yake hii hapa, na niliifanya usiku ule ule. Fremu ya kawaida ina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kwa megabiti 54 kwa sekunde inachukua milisekunde 0.22 hewani, ongeza kungoja, vichwa vya fremu na jibu la kupokelewa, tuseme 0.4. Kompyuta 12 zikipata zamu moja kila moja, duru nzima ni kama milisekunde 5. Sasa mwongeze mzee. Fremu ile ile kwa megabiti 1 inachukua milisekunde 12 peke yake. Duru inakuwa 17. Mtu mmoja kati ya 13 ameshika zaidi ya theluthi mbili ya hewa, na wale 12, ambao mashine zao hazina ubaya wowote, wanajikuta wanangoja zaidi ya mara tatu. (Kwa kweli fremu nyingi hutoka kwenye ruta kwenda kwa watu, si kinyume chake, lakini matokeo hayabadiliki: ruta ikimsemesha mzee, inamsemesha polepole, na wote wanasikiliza.) Watafiti wanne wa Grenoble, Ufaransa, walilieleza jambo hili mwaka 2003. Waifai inagawa zamu sawa, haigawi muda sawa. Kwenye kikao cha ukoo kila mtu ana haki ya kusema mara moja, na mzee mwenye kigugumizi akianza, kikao kizima kinakwenda kwa mwendo wake.

Kuna baya zaidi. Tangi la maji lina kivuli chake: simu ya mzee haizisikii kompyuta za darasani na zenyewe hazimsikii, ingawa wote wanaisikia ruta. Kwa hiyo anaanza kusema akidhani kuna kimya, anagongana nazo, anarudia, na kila marudio yanakula milisekunde 12 nyingine. Na ruta yenyewe ina foleni yake. Chukulia ina nafasi ya pakiti 256 na zote zimejaa picha za mzee kwa kasi hiyo: pakiti ya mwanafunzi iliyokuja mwisho itasubiri sekunde 3.

Kutoka Muleba hadi Muscat kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 4,000. Mwanga ndani ya nyaya za kioo ungehitaji kama milisekunde 20 kuukata umbali huo. Hata ukizungushwa na nyaya za baharini, bado ni muda mdogo. Kutoka getini hadi ofisini kwa mkuu ni mita 90. Sura ya binti yule ilikuwa inavuka bahari upesi, halafu inakwama kwenye bustani ya maua.

Mkuu wa shule aliposikia nimepata jibu alifurahi, akaniomba nimwandikie ukurasa mmoja, wenye mapendekezo. Niliandika matatu. La kwanza, kuvuta kebo hadi getini na kuweka ruta ya pili. Kebo ya mtandao hufanya kazi vizuri hadi mita 100, kwa hiyo mita 90 inatosha, na niliweka bei ya duka la Bukoba. La pili, kununua ruta inayogawa muda badala ya zamu. Hii niliieleza wazi: mzee angepata sehemu moja kati ya 13 ya megabiti yake 1, ambayo hata kabla ya makato haifiki kilobiti 77 kwa sekunde. Sauti ingepita. Sura isingepita. La tatu, kuzima kasi za chini kwenye ruta iliyopo, ili anayesikika kwa shida asikubaliwe kuingia. Halina gharama. Linachukua dakika 2.

Nilikaa kwenye kikao chao. Naomba msomaji asimchukie mkuu wa shule, kwa sababu mimi nilipomsikiliza sikuweza. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ulikuwa unakaribia. Kulikuwa na binti mmoja mle darasani, wa Kamachumu, ambaye nilimwona kwa macho yangu akikaa prepo nzima mbele ya kipindi cha dakika 14 kuhusu mkondo wa umeme, akasoma dakika 5 tu, kengele ikalia. Wanafunzi 48 kwa mlinzi mmoja. Fedha za kebo zingengoja bajeti, na bajeti ingengoja wazazi. Mwalimu aliyempa mzee neno la siri alisema kwamba hata yule wa Muscat ni mtoto wa watu, na kama angebaki shuleni asingekuwa Muscat. Kimya kikawa kirefu. Kisha wakakubaliana kuzima kasi za chini kwa saa za prepo tu, saa moja hadi saa tatu, na kuziwasha baadaye. Walionekana kuridhika, wamepata njia ya katikati. Saa tatu yetu ni saa nne ya Muscat, na simu huko inakuwa imeshawekwa chini.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia, sikutaka ajue kwa kuona kiduara kinazunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama akisimama karibu na tangi itakubali. Nikamwambia upande wa pili wa tangi, ndiyo, kwenye varanda ya walimu hata vizuri zaidi. "Na geti?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi. Mlinzi anayeacha geti saa mbili usiku hakai kazini mwezi. Akasema basi atanunua bando mara moja kwa wiki, Jumapili, siku nyingine watasikilizana sauti.

Nilipima tena kwa wiki mbili. Grafu ni nzuri. Ule mlima uliokuwa unainuka saa mbili na dakika chache umelala, D imeshuka na kutulia, modeli yangu na vipimo vinapanda na kushuka pamoja kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Msimamizi wangu alipoiona alisema hii sura ya 4 inaweza kuwa makala.

Ila kuna jambo dogo la kihesabu ambalo bado tunabishana. Wastani wa kuchelewa unachukuliwa kwa walioingia hewani. Aliyekataliwa mlangoni hana pakiti, asiye na pakiti hana D, asiye na D hayumo kwenye wastani. Ukitaka kumhesabu, kuchelewa kwake hakuna mwisho, na kitu kisicho na mwisho kikiingia kwenye wastani kinaufanya wote usiwe na mwisho, grafu inatoka nje ya karatasi. Msimamizi ni mtu mwema na ananiambia ukweli: kwa maana ya modeli, mtu asiyeunganishwa si sehemu ya mtandao. Nimekubali kwa D. Lakini chini ya jedwali nimeongeza mstari mmoja, saa mbili hadi saa tatu usiku, vifaa vilivyoomba kuingia vikakataliwa: 1. Amenirudishia rasimu mara mbili, mara zote mstari huo umekatwa kwa penseli, si kwa kalamu.

Utetezi wa tasnifu ni mwezi ujao. Juzi mwalimu yule alinitumia ujumbe kwamba kikao cha wazazi kimefanyika, suala la kebo lilikuwa ajenda ya saba, na mvua ilianza wakiwa kwenye ya tano. Nimemjibu aniulizie kwa fundi kama mita 90 zinaweza kuuzwa kwa kukatwa, maana dukani wanauza boksi zima, mita 305.